Kanda za Mjomba

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Simu imetoka Kusini. Chuo kikubwa kinataka nihamie kwao msimu ujao kucheza mpira wa kikapu, pesa ipo, na wakala anataka jibu kabla ya saa sita usiku. Mjomba kanizuia: nisishike kalamu mpaka tutazame kanda zake za video. Nikainua iliyokuwa chini kabisa ya boksi, isiyo na maandishi yoyote. Mjomba akanipokonya.

SASA ENDELEA...

"Hii siyo ya kutazamwa," alisema, akaisukumia chini ya kochi kwa kisigino, kama mlevi anayeficha chupa mkewe akibisha hodi.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na robo. Nje, mvua ya Aprili ya Hartford ilikuwa ile ya kichokozi, haiachi wala haikolei. Anti alikuwa zamu ya usiku hospitalini, hivyo nyumba ilikuwa yetu wawili, na sufuria ya pilau la jana, na deki ya video ambayo Mjomba huifuta vumbi mara nyingi kuliko anavyoosha gari lake.

Akachagua kanda nyingine. Ubavuni iliandikwa kwa peni ya bluu: Lexington, 1/4/1985.

"Mjomba, hiyo matokeo yake nayajua. Villanova 66, Georgetown 64. Ipo hata kwenye simu."

"Matokeo unayajua. Mechi huijui. Kaa."

Nikakaa. Picha ilianza kwa kutetemeka, mistari myeupe ikapita, kisha uwanja ukatulia. Kaptura fupi za kuchekesha, mashati yaliyochomekwa. Na katikati yao jitu moja lenye fulana ya kijivu chini ya jezi.

"Unamwona huyo? Patrick Ewing. Mwaka wa nne chuoni. Wa nne, mjomba! Fainali tatu kacheza: 1982 kafungwa na North Carolina kwa pointi moja, 1984 kachukua kombe, na hii hapa. Mchezaji wa namna hiyo siku hizi anakaa chuoni miezi minane, na huo muhula wa pili akiumaliza ni bahati."

Villanova walikuwa na mpira. Wakaupitisha kulia, wakaurudisha, wakaupeleka kushoto. Nilihesabu pasi mpaka nikachoka.

"Wanafanya nini?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Wanacheza."

"Wanakaa na mpira, Mjomba."

Mwaka ule mashindano ya taifa ya vyuo hayakuwa na saa ya shuti. Timu ikipata mpira ilikaa nao mpaka itosheke. Villanova, walioingia wakiwa wamepangwa nafasi ya nane katika kundi lao, waliutumia uhuru huo mbele ya mabingwa watetezi bila aibu yoyote. Nikaona nimbane hapo hapo.

"Machi 1982, Greensboro, fainali ya ligi ya vyuo ya ACC. North Carolina wana Michael Jordan, wana James Worthy, wana Sam Perkins. Virginia wana Ralph Sampson, mita 2.24. Watu wamelipa kiingilio waone vipaji hivyo. North Carolina wakaushika mpira kama dakika saba nzima, hakuna shuti. Wakashinda 47 kwa 45. Huo ndio ubora unaonihubiria?"

Hakujibu upesi. Mechi ile ilikuwa miongoni mwa zilizowachosha wakuu wa mpira wa vyuo mpaka wakaleta saa. Msimu wa 1985-86 zikawekwa sekunde 45. Msimu uliofuata ukaja mstari wa pointi tatu kwa nchi nzima. Baadaye saa ikapunguzwa: 35 msimu wa 1993-94, na 30 kuanzia 2015-16. Yaani mechi tuliyokuwa tunaitazama ilikuwa fainali ya mwisho ya zama zile, na Mjomba aliishika kama hati ya shamba.

"Usitazame mpira," alisema hatimaye. "Tazama wasio na mpira."

Nikatazama. Ed Pinckney anapanda, anasimama, anageuka, na pasi imeshamfikia mkononi. Hakuna anayenyoosha kidole kumwelekeza mwenzake.

"Pinckney, Dwayne McClain, Gary McLain. Wote watatu wameingia chuo pamoja, wamekula pamoja miaka minne. Mechi nzima timu imepiga mashuti 28. Yameingia 22. Kipindi cha pili wamekosa moja. Moja! Nitajie timu ya leo."

Sikuwa nayo ya kutaja, nikafungua kompyuta. Nilikuwa na nusu fainali ya mwezi ule ule, Florida na Auburn. Nikamwonyesha Walter Clayton akifunga pointi 34, anapiga tatu akiwa mbioni, mwili umeelekea pembeni, mkono wa beki uko usoni.

"Yupi kwenye kanda yako anaweza hiki? Mwaka 1985 hata mstari wa tatu hamkuwa nao kwenye mashindano haya."

Mjomba akatikisa kichwa kukubali. Ana ubishi mwingi, lakini wa kukana alichokiona kwa macho yake hana.

"Fundi huyo. Katokea wapi?"

"Alianzia Iona, akahamia Florida."

"Na huyu?"

"Will Richard. Alikuwa Belmont. Na yule Alijah Martin alikuwa Florida Atlantic."

"Haya. Niwekee mwisho wa fainali."

Alijua anachokitafuta. San Antonio, tarehe 7 Aprili 2025, Florida 65, Houston 63. Mpira wa mwisho ni wa Houston. Emanuel Sharp anaruka apige tatu, Clayton anamrukia. Sharp anaona shuti litazuiwa, anauachia mpira udondoke. Akiugusa tena ni kosa. Ukadunda pale katikati yao, Sharp akiukodolea macho, sekunde zikaisha. Fainali ya taifa, na shuti la mwisho halikupigwa.

"Sisi tuliokuwa tunakaa na mpira," Mjomba alisema polepole, "mwishoni tulipiga."

Niligeuka. "Tulipiga? Wewe ulicheza wapi?"

"Nasema watu wa rika langu."

Simu yake ikaita. Anti alikuwa amesahau miwani ya kusomea. Mjomba akavaa koti, akanitazama, akalitazama kochi, akanitazama tena. Hospitali iko karibu. Kwenda na kurudi ni robo saa.

Mlango ulipofungwa tu, nilikuwa nimeshapiga magoti.

Kanda ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotegemea. Deki ikaimeza, ikakoroma. Ukumbi mdogo wa mazoezi, benchi za mbao, watu wachache wenye makoti mazito. Ubao wa matokeo ulionyesha 61 kwa 60, sekunde nne. Kwenye mstari wa mpira wa adhabu alisimama kijana mrefu mwembamba, nywele zimesimama mithili ya kofia. Nilimjua kwa masikio. Masikio yale ni ya ukoo wetu. Mama yangu anayo, na mimi ninayo.

Timu yake ilikuwa nyuma kwa pointi moja, na sheria ilikuwa ile ya ukikosa wa kwanza, wa pili hupewi. Akaudundisha mpira mara tatu. Halafu akafanya kitu ambacho hakuna kocha duniani anayekifundisha: akaliacha ringi, akatazama jukwaani. Safu ya tatu. Mtu mwenye koti la kaki, mikono mfukoni, hashangilii wala hazomei.

Kijana akarudisha macho kwenye ringi. Akakunja goti. Mpira ukamtoka mkononi.

Nyuma yangu, ufunguo ukazunguka kwenye kitasa.

"Nilikuambia hiyo siyo ya kutazamwa."

ITAENDELEA

SEHEMU YA NNE

ILIPOISHIA: Kanda isiyo na jina imemwonyesha Mjomba akiwa kijana, sekunde nne zimebaki, timu yake nyuma kwa pointi moja. Mpira umemtoka mkononi. Na Mjomba mwenyewe amesimama mlangoni.

SASA ENDELEA...

Hakupandisha sauti. Alivua koti, akalitundika, akaja kubonyeza kitufe cha deki. Picha ikaganda: mpira hewani, mstari mweupe umeukata katikati.

"Uliingia?" niliuliza.

"Mama yako hajui kama niliwahi kucheza. Na asijue leo."

"Mjomba, uliingia?"

Akakaa kwenye kochi, miwani ya Anti bado ipo mkononi. Kumbe hakufika hata hospitalini. Alikuwa ameishia kwenye ngazi akirudi nyuma kwa wasiwasi.

"Nilikuja mwaka 1981 kusoma uhandisi. Chuo kidogo, kaskazini huko, jina lake liache. Walihitaji mtu mrefu, nikawa mrefu. Februari 1985 yule wa koti la kaki alinifuata kantini akanipa bahasha. Dola 500. Alitaka tufungwe, basi."

Sikusema kitu.

"Usidhani mimi ndiye wa kwanza kufuatwa. City College ya New York, mwaka 1950, walichukua makombe mawili ya vyuo, la NIT na la NCAA, msimu mmoja. Hakuna aliyewahi kuyachukua yote mawili hivyo, si kabla yao, si baada yao. Mwaka uliofuata wachezaji wao wakakamatwa: walikuwa wanapunguza pointi ili wacheza kamari wapate chao. Sasa ukisikia mzee wa rika langu anakuambia zamani mpira wa vyuo ulikuwa wa mapenzi tu, hauna pesa, mwambie anadanganya. Pesa ilikuwepo. Haikuwa ya mchezaji, ndiyo tofauti."

Hilo sikulitegemea kutoka kwake. Usiku kucha alikuwa wakili wa zamani, sasa kajigeuka shahidi wa upande wa pili. Nikamkumbusha Septemba 2017, FBI walipowakamata makocha wasaidizi wa vyuo vinne vikubwa na watu wa kampuni ya viatu kwa fedha za siri kwa vijana na familia zao. Akasema ni bahasha ile ile. Tangu tarehe 1 Julai 2021, mchezaji aliporuhusiwa kuuza jina na sura yake, bahasha inapigwa muhuri, inalipiwa kodi. Yeye binafsi anaona heri hivyo.

"Kwa hiyo nisaini?"

"Sijasema hivyo."

Saa nne na nusu. Akaenda jikoni, akarudi na vikombe viwili vya chai ya tangawizi, akaanza upya, safari hii bila kanda.

Kwa jinsi anavyoona, mpira uliumwa kuanzia 1995, Kevin Garnett alipotoka sekondari moja kwa moja kwenda NBA. Mwaka uliofuata Kobe Bryant, mwaka 2003 LeBron James. Vipaji vikubwa vikawa vinaruka juu ya vyuo. NBA ikaweka sharti la umri wa miaka 19, likaanza na uteuzi wa 2006, na vyuo vikageuka kituo cha basi: Kevin Durant alipita Texas msimu mmoja, Derrick Rose alipita Memphis msimu mmoja. Waliobaki walibaki na makocha waliogundua kuwa njia rahisi ya kushinda ni kumkaba mtu mpaka apumue kwa shida.

"Mwaka 2011, fainali," alisema. "Unaikumbuka?"

Kuna mtu anayeisahau? Connecticut 53, Butler 41. Butler walipiga mashuti 64, yakaingia 12. Saa ya shuti ilikuwepo, ya sekunde 35, haikusaidia chochote. Msimu wa 2012-13 wastani wa timu ukashuka hadi pointi 67.5 kwa mechi, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka kama 60. Hapo ndipo waamuzi walipoambiwa waadhibu mikono ya mabeki, kisha saa ikakatwa hadi 30, na pointi zikapanda tena juu ya 70.

"Basi umekubali," nilisema. "Ulidorora, ukatibiwa. Leo ni bora."

"Mchezaji mmoja mmoja wa leo ni bora kuliko sisi, kwa mbali. Hilo nitalisema hata mahakamani. Timu ndiyo haijuani. Lakini hoja yangu si timu. Ni wewe."

Akaanza kunisimulia usiku wa tarehe 16 Februari 2009. Connecticut walikuwa namba moja nchini na walicheza hapa hapa Hartford dhidi ya Pittsburgh. Katikati ya Connecticut alisimama Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mita 2.21. Mjomba alikuwa juu kabisa, bendera ya Tanzania mabegani. Nilipokuwa mdogo hadithi hii niliisikia kwa simu mara nyingi, na kila mara ilikuwa ya ushindi. Leo aliisimulia ilivyokuwa.

DeJuan Blair wa Pittsburgh alikuwa mfupi kwa Thabeet kwa sentimita kama 20. Wakigombea ribaundi, mkono wa Thabeet ukanaswa kwenye bega la Blair. Blair akajipinda, na yule twiga wetu akapita juu ya mgongo wake, akatua sakafuni mzima mzima. Ukumbi ukanyamaza. Blair akamaliza na pointi 22 na ribaundi 23, Pittsburgh wakashinda 76 kwa 68.

"Nililia njiani," Mjomba alisema. "Lakini mwezi wa sita yule kijana aliitwa wa pili kwenye uteuzi wa NBA. Mtanzania wa kwanza. James Harden alikuwa wa tatu. Stephen Curry wa saba. Unajua kwa nini? Alifika Connecticut akiwa mbichi, mpira kauanza akiwa mkubwa. Wakampa miaka mitatu. Kila mwaka alikuwa mtu mwingine. Sasa niambie, hao wanaokupigia simu watakupa miaka mingapi?"

Mkataba ulisema mmoja.

"Wanakununua kwa sababu umeshaiva mahali pengine. Ukiteleza Desemba, Aprili wanamnunua mwingine. Mbichi siku hizi hana pa kuivia. Wakufunzi wapo, vyumba vya uzito vipo kama hospitali, ila subira ndiyo haipo."

Nikamjibu kwa Oscar Tshiebwe, maana yeye ndiye hoja yangu kubwa. Mtoto wa Lubumbashi, alihama West Virginia kwenda Kentucky, msimu wa 2021-22 akaokota ribaundi 15.1 kwa mechi, akatajwa mchezaji bora wa taifa, na badala ya kukimbilia NBA akarudi chuoni mwaka mwingine. Zamani asingerudi, hakukuwa na cha kumrudisha. Pesa hizo hizo anazozilaumu Mjomba ndizo zimewarejesha wakubwa vyuoni, na ndiyo maana mpira wa sasa unatazamika kuliko ule wa 2011.

"Kweli," Mjomba alisema. "Na Saint Peter's wakawatoa raundi ya kwanza, yeye kafunga 30. Lakini umemtaja mtu mzuri. Pesa zake alizisainia wapi?"

Nikanyamaza.

"Nakuuliza wapi?"

"Bahamas."

"Kwa nini Bahamas?"

Kwa sababu ya viza. Tshiebwe alikuwa na F-1, viza ya mwanafunzi, inayobana kazi za malipo ndani ya Marekani. Kentucky walipokwenda Bahamas kucheza Agosti 2022, alitumia siku zile kufanya kazi za matangazo akiwa nje ya mipaka. Mimi pia nina F-1. Nikauchukua mkataba nikausoma upya, mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi. Ukurasa wa nne: mchezaji atatokea kwenye matangazo na hafla za wafadhili, katika mji wa chuo, kuanzia Juni. Siyo Bahamas. Siyo Dar. Ningesaini nikiwa mwanafunzi, nikaamka mvunja sheria ya uhamiaji.

"Wakala alisema wakili wao atarekebisha," nilisema. Sauti yangu mwenyewe sikuiamini.

Saa tano na dakika arobaini na nane simu ikaita. Mjomba akanionyesha niweke spika.

"Kijana, dakika kumi na mbili," wakala alisema kwa furaha. "Na nina mgeni hapa, ndiye anayebeba mfuko wa wachezaji wetu. Anapenda kukusalimia kabla hujasaini."

Kukatika, kukohoa, kisha sauti ya mzee, ya taratibu.

"Nimekutazama msimu mzima. Unapiga mpira wa adhabu vizuri. Unaudundisha mara tatu, siyo? Nilishawahi kumwona mtu mwingine wa namna hiyo." Akapumua. "Yuko hapo? Mwambie hesabu yetu ya Februari 1985 sijaifunga."

Wakala sikuwahi kumwambia kama nina mjomba.

Nilipogeuka, Mjomba alikuwa ameshasimama. Mkono mmoja ulikuwa umeikamata simu yangu. Mwingine ulikuwa juu ya kitufe cha deki, na mpira bado umening'inia hewani.

ITAENDELEA

Uliingia au haukuingia? Na nani atawahi kabla ya saa sita, kalamu au Mjomba? Usikose Sehemu ya Tano Jumamosi ijayo, ukurasa huu huu.